Mwaka Tulipotoa Matumbo ya Sailensa

Nilichelewa maziko ya Fundi Taban kwa siku mbili. Waislamu hawakawii kuzika, na mimi nilikuwa mbali, nikitafuta kazi nyingine baada ya ile ya kabla yake kunichosha, jambo ambalo nimelifanya karibu maisha yangu yote. Nilipofika Koboko, mji wa mpakani, mikeka ya matanga ilikuwa bado imetandikwa uani, lakini wanaume waliobaki juu yake walikuwa wameshahamia kwenye mazungumzo ya tumbaku na mvua iliyokawia. Mjane wake, Mama Zainabu, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunitambua. "Arua," alisema mwishowe, kwa jina la mji nilikotoka, ambalo hakuna mtu mwingine anayeniita. "Wewe umezeeka. Kwenda ndani, kula kwanza." Nikaingia kwenye chumba cha mbele nilichokuwa nikilala mwaka ule, nikakalia kitanda ambacho si kile cha zamani, nikala wali na nyama peke yangu huku nikisikiliza sahani zikioshwa nje. Nilitarajia nitalia. Sikulia. Nilisikia uchovu tu, ule wa mtu aliyefika mahali akakuta kila kitu kimekwisha kufanywa na wengine.

Sasa nimerudi Arua, nimepanga chumba karibu na kituo cha bodaboda, na kila baada ya dakika chache inapita pikipiki ambayo bomba lake la moshi limeachwa wazi. Mtu wa kawaida husikia kelele. Mimi, hata nikiwa nimejilaza na gazeti usoni, najua kama ile iliyopita imetolewa vyuma vya ndani au imetoboka kwa kutu tu, na kama mwenyewe amegusa kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, baada ya kufungua bomba, au ameiacha ijichome yenyewe polepole. Sikujifunza hayo shuleni. Nilimaliza Sinia Foo, yaani kidato cha nne, sikuendelea, na nikiwa na miaka ishirini na mmoja nilikwenda Koboko kumtembelea rafiki kwa wiki moja. Rafiki alikuwa amehama. Nikakaa mwaka mzima kwa Fundi Taban, fundi wa pikipiki aliyenipa kitanda na kazi, na ni mwaka huo peke yake, katika miaka yote niliyozunguka, ambao bado ninaugeuzageuza kichwani.

Gereji yake ilikuwa uwanja wenye paa la mabati upande mmoja, kwenye barabara iendayo Midia na mpakani. Ardhi yake ilikuwa nyeusi na ngumu kama lami kwa oili iliyomwagika miaka mingi. Nyuma ya ukuta wa matofali palikuwa na nyumba yenyewe, na kati ya nyumba na gereji palikuwa na jiko la Mama Zainabu, hivyo harufu ya simsim, yaani ufuta, iliyokaangwa ilichanganyika na ya petroli, na hadi leo nikipita penye kituo cha mafuta nasikia njaa. Saa saba tulikula hapo jikoni, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mboga ya kunde yenye simsim, mara nyingine samaki mkavu. Fundi Taban, ambaye sote tulimwita Mzee, alikula kimya. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye pamba iliyochovywa mafuta katika masikio yote mawili. Nilidhani ni kinga ya kelele, nikaiona kama alama ya ufundi, nikatamani na mimi nianze kuziba yangu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa moja. Sailensa ya pikipiki, ile sehemu ya bomba la moshi inayopunguza kelele, si bomba tupu. Ukiikata kwa msumeno upande wa nyuma, unakuta ndani vyumba vidogo vilivyotengwa kwa sahani za chuma, na kibomba chembamba chenye matundu kikipita katikati. Moshi hutoka kwenye injini kwa mapigo, kama mtu anayekohoa haraka haraka. Moshi huo ukiingia mle unazungushwa, unagonga sahani hii na ile, unapotokea nje kishindo chake kimekwisha. Vile vyuma vya ndani tuliviita matumbo. Tulikata sailensa, tukayavuta matumbo kwa koleo, tukayatupa nyuma ya choo, kisha tukachomelea kifuniko mahali pake. Pikipiki iliyoingia ikinong'ona ilitoka ikibweka. Waendeshaji walikuja kutoka Lurujo, kutoka Midia, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, huko Kongo, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba Taban anaongeza nguvu.

Na kwa kweli waliamini wameongezewa. Lemi, mwendeshaji kijana aliyebeba abiria kati ya Midia na mjini na ambaye hakuna siku aliyofika bila maneno, aliijaribu yake mpaka kwenye daraja la barabara ya Midia na kurudi, akaruka chini kabla haijasimama vizuri. "Fundi! Hii si pikipiki tena, hii iko simba! Abiria wangu watasikia mimi wakiwa bado wanakunywa chai!" Mzee alisimama karibu na injini iliyokuwa ikinguruma, kichwa amekiinamisha, bisibisi ndogo mkononi, akigeuza skrubu ya kabureta robo kwa robo mpaka mngurumo ukatulia. Akatabasamu. Hakutabasamu mara nyingi. "Sasa iko naongea," alisema. Wote tuliokuwa pale tuliona mtu ambaye masikio yake yanaweza kusikia kile ambacho sisi hatukisikii.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa kidogo. Mwalimu mmoja alileta pikipiki yake ambayo haikuwa imetolewa matumbo, akaiacha ikiunguruma taratibu kivulini huku akinieleza shida yake. Mzee akatoka ndani, akaipanda, akapiga kiki, ule mkono wa kukanyaga unaowasha injini. Ukipiga kiki injini ikiwa tayari inawaka, vyuma hulia vibaya, mlio wa kukwaruza ambao hukufanya ukaze meno. Mwalimu akaruka. Mimi nikacheka, nikasema Mzee anapima kiki kama imelegea, na mwalimu akaridhika. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Maneno yalitoka tu. Mzee alinitazama, akaitazama midomo yangu, akashuka kwenye pikipiki.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nyuma ya ukuta nikiosha minyororo katika dizeli, na dada yake Mama Zainabu alikuwa amekuja kumsaidia kuchambua kunde. Walizungumza kama watu wasiojua kwamba kuna mtu karibu. "Mimi naita yeye mara tatu, mara nne," alisema Mama Zainabu. "Yeye hapana geuka. Nilisema na yeye juu ya harusi ya mtoto, akajibu mimi juu ya chumvi." Dada yake akacheka. "Wanaume wote iko hivyo." Mama Zainabu hakucheka. "Hapana. Hii ni miaka mbili. Masikio ilikuwa inatoa maji tangu kitambo, sasa imefunga. Mimi hapana sikiwa katika nyumba yangu. Yeye anasikia pikipiki tu, na ile pikipiki iliyopasuka tu." Nikabaki na mnyororo mkononi, dizeli ikinidondokea magotini.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa kila kitu papo hapo. Ndiyo maana kila ugonjwa ulipata dawa moja. Pikipiki haipandi mlima? Toa matumbo. Inakula mafuta? Toa matumbo. Inazimikazimika asubuhi? Lete msumeno. Hakuwa akiwadanganya watu. Injini iliyofunikwa ilikuwa kwake kama mgonjwa asiyesema, na alipoifungua ikaanza kusema, na mtu aliyekaa katika kimya cha miaka miwili akisikia kitu kinasema ataamini kwamba kimepona. Fundi wa pikipiki asiyesikia, katika mji kama Koboko, hana kazi. Hana jina. Waendeshaji wangehama siku moja, wote pamoja, kama wanavyohama kivuli jua likigeuka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi mwingine, kijana, ambaye kila siku alikaa juu ya tairi akitutazama.

Basi nikawa masikio yake. Hatukukubaliana, hatukusema. Siku moja ililetwa pikipiki ambayo mwenyewe alikataa katakata isifunguliwe, nami nikasimama nyuma ya Mzee nikaweka mkono mgongoni mwake kama mtu anayeegemea. Injini ilipokuwa inakwenda juu mno niligonga kidole mara moja, ilipokuwa chini niligonga mara mbili, ilipotulia nikakaza kiganja. Mgongo wake ulishtuka mara ya kwanza, kisha ukakubali. Tulifanya hivyo kwa miezi. Nikisema ukweli wote, niliipenda ile kazi kuliko kazi yoyote niliyofanya tangu hapo. Nilikuwa kijana asiye na kitu, nimepotea njia, na jina la mtu mzima lilikuwa limekaa kwenye ncha ya kidole changu. Sasa nikiwaza naona kwamba lilinilewesha. Wakati ule niliita hiyo heshima.

Aliyevuruga mambo alikuwa mkunga. Sista Poni alikuwa na pikipiki ya zahanati, akizunguka nayo vijiji vya upande wa Midia, mwanamke mfupi aliyefunga sketi yake kwa pini mbili kubwa kabla ya kupanda. Tulikuwa tumeitoa matumbo pikipiki hiyo miezi minne nyuma kwa sababu alilalamika kwamba ile pikipiki inachoka akiwa amebeba mtu. Akarudi mchana mmoja, akaizima, akavua kofia yake. Mzee alikuwa amekwenda sokoni. "Wewe kijana wa Arua, mimi nataka kuuliza wewe kitu, na wewe hapana cheka. Sauti imeongezeka, si ndiyo? Basi kwa nini nguvu imepungua?" Nikamwambia haiwezekani. "Hapana ambia mimi haiwezekani. Zamani nilikuwa napanda ule mlima baada ya daraja na mama mwenye mimba nyuma, gia ya pili. Sasa ni gia ya kwanza, na inapiga kelele mpaka mama anaanza uchungu kabla ya wakati." Alisema hilo bila kucheka, nikashindwa kujua kama ni mzaha.

Siku chache baadaye Mzee alinituma Arua kununua valvu, vile vizibo vya chuma vinavyofungua na kufunga njia za injini, kwa maana siku hizo tulikuwa tunabadilisha valvu za moshi kila mara na hatukujiuliza kwa nini. Nilikwenda kwa Mama Furaha, Mkongomani mnene aliyeuza vipuri vya zamani kwenye kibanda kilichojaa mpaka yeye mwenyewe akakaa nje. Alipoona karatasi yangu akapiga makofi kuwaita wenzake wa vibanda vya jirani. "Muje muone! Mutu wa Koboko amefika tena! Weye, baba, kule kwenu munakula valvu na ugali ao munakula na mchele?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, akanivuta karibu. "Lakini sema kweli. Batu ya Arua hawanunue hivi. Batu ya Yei hawanunue hivi. Ni Koboko tu. Munafanya nini na zile pikipiki?" Nikageukia lundo lake, nikaona sailensa kuukuu ya aina ileile ya pikipiki ya Sista Poni, nikaitikisa karibu na sikio. Haikulia ndani, matumbo yake yalikuwa mazima. Nikainunua, nikitaka kuyapima maneno ya Sista Poni.

Ijumaa, Mzee akiwa msikitini, nilikutana na Sista Poni chini ya ule mlima. Alikuwa ameazima magunia mawili ya muhogo kwa mkulima wa jirani, akayafunga nyuma kwa kamba ya mpira. "Hii ni mama mwenye mapacha," alisema. Alipanda kwanza na bomba letu lililo wazi. Nilisimama bondeni nikamsikia akiondoka kwa kishindo kama lori, na nusu ya mlima nikamsikia akishuka gia ya kwanza, injini ikilia, mwendo ukiwa wa mtu anayetembea. Akateremka. Nikafungua boliti, nikatoa sailensa yetu, nikafunga ile ya Mama Furaha, yote hayo kwa dakika kumi. Akapanda tena. Karibu sikusikia kitu, nilimtazama tu. Akavuka mahali pale pa kushuka gia, hakushuka. Akafika juu akiwa gia ya pili, akageuka, akainua mkono mmoja.

Nimekutana na mafundi wengi tangu hapo, na mmoja wao alinieleza kwa utulivu kile ambacho mlima ule ulikuwa umeshanionyesha. Pikipiki ndogo huundwa pamoja na sailensa yake. Mapigo ya moshi yakigonga yale matumbo, sehemu ya msukumo hurudi nyuma na kuisaidia injini kushikilia hewa mpya yenye petroli mpaka iungue. Ukiacha bomba wazi, hewa hiyo hutoroka pamoja na moshi, hasa injini inapokwenda polepole na mzigo mzito, yaani hasa pale unapoihitaji. Kwenye barabara iliyonyooka, mwendo wa juu, unaweza kupata kidogo, ukibadilisha na jeti ya kabureta, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli, ili petroli iongezeke. Sisi hatukubadilisha jeti. Injini ilibaki na petroli kidogo na hewa nyingi, moto ukawa mkali, na valvu ya moshi ndiyo iliyoungua. Mwendeshaji anasikia kelele, anahisi mtetemo kwenye makalio, anaapa kwamba anaruka. Naelewa. Mimi mwenyewe nimeishi miaka mingi nikidhani kwamba kwa kuwa ninatikisika basi ninakwenda mahali.

Nilimwomba Sista Poni aitumie ile sailensa lakini asije nayo gerejini kwa muda. Sikumwambia sababu. Nilijiambia nitazungumza na Mzee kesho, na kesho nilijiambia nitazungumza naye baada ya chakula, na wiki ikaisha. Kisha cheni ya pikipiki ya Sista Poni ikalegea. Jumatatu asubuhi, uwanja umejaa, Lemi na wenzake watano wamekaa juu ya pikipiki zao wakila mandazi, Sista Poni aliingia taratibu, akaiegesha mbele ya Mzee bila kuizima, kwa sababu ilikuwa kazi ya dakika moja na mama mjamzito alikuwa akimsubiri. Akaelekeza kidole kwenye cheni. Mzee aliitazama sailensa ile ngeni. Sidhani alielewa. Akapanda, akapiga kiki.

Kile kilio cha chuma kikakata mazungumzo. Lemi alicheka wa kwanza. "Fundi! Hiyo iko hai, unaamsha nani?" Wengine wakafuata. Mzee akaona vinywa vyao vimefunguka, akadhani pikipiki imekataa kuwaka, akapiga kiki ya pili. Wakati huu hawakucheka. Niliona jambo lile likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine, na mwisho nyuso zote zikageuka kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na jibu siku zote. Nilikuwa nalo hata siku hiyo. Ningesema anapima kiki. Ningesema lolote. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mkono mgongoni mwa mtu, na, nikiandika haya katika umri huu sioni faida ya kujificha, kulikuwa na sehemu ndogo ndani yangu iliyotaka waone ni nani aliyekuwa akisikia. Nikanyamaza. Mzee akanigeukia taratibu. "Arua," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Iko nawaka?" Nikaitikia kwa kichwa. Akashuka, akaweka spana juu ya tairi kwa uangalifu kama yai, akaingia ndani.

Kufikia mchana uwanja ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya barabara yule fundi kijana alikuwa na pikipiki saba. Siku ya pili hakuna aliyekuja. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mama Zainabu aliniwekea chakula bila kukaa nami, na siku ya tatu tu ndipo alipozungumza, akiwa amenipa mgongo, akikoroga chungu. "Mimi nilijua. Nilijua na wewe unajua. Kila siku niliona mkono yako pale, nikasema, Mungu ameleta mutu." Akakoroga. "Kwa nini ulitoa?" Ugali ulikuwa mkononi mwangu, nikaurudisha sahanini.

Siku hiyohiyo jioni, jua likiwa bado juu, Sista Poni alikuja kuomba msamaha kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Aliingia mpaka kwa Mzee, akatoa ile pamba kwenye masikio yake bila kuuliza, akachungulia kwa tochi yake ndogo. Alipotoka akanawa mikono muda mrefu. "Ngozi ya ndani imetoboka, yote mbili, kwa ile usaha ya zamani," aliniambia. "Mlango umeharibika. Lakini chumba cha ndani kinaweza kuwa kizima. Mutu kama huyu, sauti ikipita kwa mfupa, anaweza kusikia." Akagonga kidevu chake kwa kidole. "Hapa. Meno, taya." Akaniachia pikipiki yake, akaenda kwa miguu kumtazama mgonjwa mtaani.

Niliisukuma mpaka uani, karibu na jiko, mahali ambapo hakuna mtu wa barabarani angetuona. Nikaiwasha. Iliunguruma chini kwa chini, kama paka. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametazama ukuta. Nikachukua bisibisi ndefu, ile ya kufungulia mifuniko mikubwa, nikaifuta kwa shati langu, nikauweka mpini mbele ya mdomo wake. Alinitazama kama mtu anayetukanwa. Mama Zainabu akasema kitu, sijui nini, na Mzee hakusikia lakini aliuona uso wake. Akauma mpini. Nikamwongoza kwa bega mpaka akapiga magoti, nikaweka ncha ya chuma juu ya injini.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Sitasema alifurahi. Alifumba macho, mate yakamtiririka kwenye mpini, akaanza kuisogeza ncha mwenyewe, kutoka kwenye kifuniko cha gia hadi kwenye silinda, kutoka silinda hadi kichwa cha injini, akisimama, akirudi nyuma, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Mama Zainabu alikuwa ameshika mwiko hewani. Mzee aliiacha ncha juu ya kichwa hicho muda mrefu zaidi kuliko mahali pengine pote. Kisha akaitoa bisibisi mdomoni. "Valvu ya moshi imeanza kuungua," alisema.

Mimi nilisema, kwa midomo mipana ili aisome, kwamba ni kidogo, kwamba itafaa, kwamba tutabadilisha. Hakunitazama midomo. "Kuna pumzi inatoroka pale. Hii ilikuwa yetu. Sisi tulifungua hii." Akakaa chini kwenye majivu ya jiko. "Zingine ngapi?" Sikujua. Yeye alijua. Akaanza kuwataja wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na vijiji, wa Lurujo, wa Midia, yule mwalimu aliyekubali baadaye yake ifunguliwe, yule mwenye kubeba samaki, na kwa kila jina alikunja kidole, na vidole vilipokwisha akaanza upya kwenye mkono wa kwanza.

Kesho yake alifungua lango mwenyewe, akaweka benchi karibu na barabara, akakaa mbele ya watu wote na ile bisibisi mkononi. Kila pikipiki yenye kelele iliyopita aliisimamisha. "Rudi. Mimi nimekosea. Nitarudisha matumbo." Wengine walimcheka kwa ile namna ya kuuma chuma. "Mzee anakula pikipiki!" walipiga kelele, na kwa kuwa hakusikia, walipiga tena. Waliorudi hawakufika hata nusu. Tuliyafukua yale matumbo nyuma ya choo, tukayasugua kutu, tukayachomelea yaliyofaa, na pale yalipokuwa yameoza tukatengeneza mengine kwa vipande vya bati na bomba la kitanda. Mimi nilikaa wiki chache zaidi, kisha nikaondoka kwenda Yei, na baada ya Yei mahali pengine. Hakunifukuza. Alikuwa hahitaji tena mkono mgongoni, na mimi sikujua kukaa mahali nisipohitajika.

Katika siku zangu za mwisho pale alikuja Lemi. Tulikuwa tumeirudishia pikipiki yake matumbo na kuipa valvu nyingine. Aliizungusha mpaka juu ya mlima, akarudi, akaizima, akakaa juu yake amekunja uso. "Fundi, inapanda vizuri. Mimi hapana kataa. Lakini abiria hapana sikia mimi. Nafika Midia kama mwizi, nakuta wamepanda ya mtu mwingine." Mzee aliisoma midomo yake. "Piga kelele na mdomo. Wewe iko na mdomo kubwa." Tukacheka, na Lemi pia, lakini hakushuka. "Toa tena, Mzee. Nakuomba." Mzee akatikisa kichwa. Lemi akasubiri, akatikisiwa kichwa mara ya pili, akaisukuma pikipiki nje ya lango bila kuiwasha.

Baada ya muda kidogo, kutoka ng'ambo ya barabara, nikasikia msumeno ukianza kukata chuma. Mzee alikuwa ameinama akifuta spana. "Amekwenda wapi?" aliuliza. Nilifikiri kusema amekwenda nyumbani. Nikasogea mbele yake ili auone uso wangu vizuri. "Kwa fundi wa ng'ambo, Mzee. Anakata sasa hivi." Akasimama akitazama upande ule, ambako kwake hapakuwa na sauti yoyote. Kisha akaniuliza pikipiki inayofuata ni ya nani.